Upupu wa Njia ya Ziwani

Mkaguzi Tumwagile alisimama juu ya jiwe lililopakwa alama ya njano, akakitazama kile kichaka bila kukisogelea. Ulikuwa mwezi wa nane, na upupu wa mwezi wa nane haumsubiri mtu aushike. Maganda yamekauka, upepo ukipita kidogo tu vile vinyweleo vinaruka na kumwingia mtu kwenye kola ya shati. Alikuwa amejifunga kitambaa shingoni, na mikono ya koti ameishusha mpaka kwenye vidole.

"Alitokea hapa," alisema Anselmi, akionyesha kwa kidevu. "Mbio! Nikamwita, 'Elikana, vipi bwana?' Hakujibu. Akateremka ziwani kama anakimbizwa na nyuki. Nikamfuata. Nikamkuta majini, amemshika yule mgeni mabegani."

"Amemshika anamtoa, au anamzamisha?" aliuliza Koplo Nickson.

"Mimi niliona amemshika, afande. Ya moyoni mwake sikuyaona."

"Huyu alifaa kuwa wakili," Nickson alisema, akajikuna mkono ingawa hakuna kilichomgusa.

Anselmi na Elikana wote wawili walikuwa waongoza wageni wa kijiji cha Lwiseke. Kazi hiyo ilianza pale wageni waliomaliza kuona wanyama Mikumi walipoanza kuulizia milima: wanataka kutembea kwa miguu, waone msitu, walale karibu na ziwa. Vijana wa Lwiseke wakafyeka njia za zamani za bibi zao, wakapaka mawe rangi ya njano ili mgeni asipotee. Njia ya ziwa Lukwale ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Alhamisi iliyopita Elikana alimpeleka huko mgeni mmoja tu, mwalimu wa chuo kutoka Dar es Salaam aliyeitwa Alex. Jioni Alex alirudishwa kijijini juu ya machela ya miti, amefunikwa shuka.

Daktari alisema maji ndiyo yaliyomuua. Kisogoni alikuwa na jeraha, mguu wa kulia umevunjika, na chini ya kucha zake kulijaa tope. Kwa maneno mengine, alianguka au aliangushwa, akaishi kwa muda, akajaribu kujivuta, kisha akateleza na kuingia majini. Hayo tu. Daktari hawezi kusoma kwenye mwili kama kuna mkono uliosukuma.

Tumwagile alichukua fimbo akaanza kuutenga upupu polepole, tawi hili huku, tawi lile kule, mpaka udongo ukaonekana. Palikuwa na vishimo viwili vya magoti, na nyuma yake alama za ncha za viatu. Alikaa akiviangalia kwa muda mrefu hata Nickson akaanza kupiga mluzi.

"Koplo. Ukitaka kumvizia mtu anayepita njiani, unaangalia wapi?"

"Njiani, afande."

"Huyu alipiga magoti uso umeelekea mlimani. Njia ameipa mgongo."

Nickson aliinama kidogo, mikono nyuma. "Labda alikuwa anajisaidia."

"Kwenye upupu?"

Anselmi alicheka. "Hata mlevi haendi humo, afande. Mbuzi wenyewe wanazunguka."

"Basi wewe mwenyeji, niambie. Upande ule kuna majani laini na kivuli. Upande huu kuna upupu. Mtu mzima aliyezaliwa hapa anaingia upande huu kwa sababu gani?"

Kicheko kilimtoka Anselmi usoni. Akatazama viatu vyake. "Sijui, afande," alisema, kwa haraka kidogo kuliko alivyojibu mengine yote.

Tumwagile hakumbana zaidi. Alitangulia kwenye kona. Hapo njia ilibanwa katikati ya miamba miwili, na kwenye mwamba wa kushoto chemchemi ilitiririka kupitia mwanzi uliochongwa, maji yakadondokea kwenye jiwe pana lililolainika kwa miguu ya watu. Mbele ya chemchemi njia ilishuka moja kwa moja mpaka ziwani. Hakukuwa na njia nyingine. Chini ya mwamba kulikuwa na mzigo wa ukindu, umekatwa vizuri, urefu sawasawa, umefungwa kwa ukanda wa kitenge cha kijani chenye maua ya njano. Ulikuwa umekauka na kujikunja.

"Wa nani huu?"

"Wanawake wengi wanakata ukindu, afande," alisema Anselmi.

"Wanaukata wakauache?"

Tumwagile, ambaye mama yake alimlea kwa kusuka mikeka, alijua kazi iliyokuwa pale chini: kuingia kwenye tope la ukingo wa ziwa, miba ya ukindu ikichoma vidole, kisha kupanda na mzigo kichwani. Mwanamke hauachi mzigo kama huo ila ametimuliwa. Aliufungua ule ukanda, akauweka kwenye mfuko wa kielelezo.

Halafu akamtuma Nickson ateremke mpaka kwenye mawe alikoangukia Alex, apige kelele kwa sauti ya mtu wa kawaida. Yeye akarudi pembeni ya kichaka cha upupu. Alisubiri. Ndege wa msituni walinyamaza, wakaanza tena.

"Afandeee! Humu kuna mambaaa?"

"Hakunaaa! Kambale tuuu!" Anselmi alijibu.

"Kambale wakubwaaa?"

Kila neno lilifika, hata kuhema kwa Nickson katikati. Miamba ile miwili iliibeba sauti kama bomba. Tumwagile aliviangalia vishimo vya magoti. Aliyepiga magoti hapa alimsikia mtu akiomba msaada kule chini. Alimsikia vizuri, na hakwenda.

Alikuwa amepanda mlima huu akitumaini kukuta kitu cha kumsaidia Elikana, aliyekuwa mahabusu. Aliteremka akiwa amekasirika.

*

Kituoni Kilosa, Elikana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na shati limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, ingawa joto lilikuwa kali. Uso wake bado ulikuwa na vivimbe. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kidogo, mpole, wa aina inayoomba radhi kabla ya kukalia kiti.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa mpaka yeye alipokaa. Tumwagile alimkumbuka jioni ile ile ya Alhamisi alipomkamata. Alimsimamisha mbele ya ofisi ya kijiji, kijiji kizima kimejaa, akamwamuru avue shati ili Koplo apige picha ya ule mgongo uliovimba kabla alama hazijafutika. Utaratibu unasema alama za mwilini zichukuliwe mapema. Elikana alivua, akajifunika kifua kwa mikono kama msichana, akafumba macho. Wakati ule Tumwagile alisema moyoni, mwenye hatia hujificha.

"Twende tena kutoka mwanzo," alisema. "Mlifika kwenye mteremko. Halafu?"

"Mwiba uliniingia kwenye kiatu. Nikakaa niutoe. Mgeni akasema anatangulia taratibu. Njia ni moja, ina alama, nikamwambia sawa, lakini anisubiri kabla ya mawe ya ziwani. Yale yana utelezi."

"Akatangulia."

"Ndiyo."

"Ukautoa mwiba, ukamfuata. Ukafika kwenye kona ya chemchemi."

"Ndiyo."

"Halafu?"

Elikana alishika kifungo cha shati cha shingoni.

"Elikana, mpaka kwenye chemchemi unasimulia kama redio. Ukifika pale unazimika. Uliona nini?"

"Sikuona kitu, afande."

"Uliingia kwenye upupu ukampa mgongo mtu ambaye hukumwona?"

Nickson, aliyekuwa anaandika, aliinua kalamu.

"Alex alikuita," Tumwagile alisema. "Nimesimama pale pale. Inasikika. Mwanaume mwenzako amevunjika mguu, anakuita, na wewe umechutama. Una watoto?"

"Wawili."

"Wakikua wakikuuliza, utawaambia nini?"

Machozi yalimtoka Elikana bila sauti, naye hakuyafuta, kama si yake.

Tumwagile alitoa ule ukanda wa kitenge akauweka mezani. Alitegemea mshtuko, au uongo. Alichokiona hakukitegemea. Elikana aligeuza kiti chote akaelekea ukutani. Si kichwa tu. Mwili mzima, na mikono akaiweka mapajani, kama mtu anayepisha.

"Mwenye kitambaa hiki alikuwepo," Tumwagile alisema. "Nitamtafuta. Nitamleta hapa, aketi kwenye kiti hiki, mtazamane."

"Afande." Sauti ilitoka kwenye ukuta. "Usimlete. Andika nimeua."

Nickson alimtazama bosi wake.

"Unasema nini?"

"Andika nilimsukuma mgeni. Nitaweka sahihi. Ila usimlete, nakuomba kwa jina la Mungu."

*

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alifurahi. Dada wa marehemu, Angela, alikuwa amefikia nyumba ya wageni jirani na stesheni, na kila asubuhi alikuja kituoni kwa gauni lile lile jeusi kuuliza lini mtu atafikishwa mahakamani. "Si amekiri?" mkuu alisema. "Kesho apelekwe. Mauaji hayana dhamana. Akakae gerezani, mengine yatajulikana huko."

"Anaweza kukaa huko miaka, mzee, kabla kesi haijasikilizwa."

"Tumwagile, watu tunawatafutia ushahidi wanakataa, wewe umepata anayekubali unamtafutia wa kumkatalia."

Alitoka nje. Getini, mke wa Elikana, Editha, alikuwa amekaa na hotpoti ya chakula magotini, akisubiri zamu ya kuwaona mahabusu. Tumwagile alimsogelea, akauliza mambo ya watoto, akauliza nani anamsaidia nyumbani.

"Nipo peke yangu, afande. Mama yangu mzazi angekuwepo ningefarijika, lakini mama naye anaumwa. Tangu Alhamisi hajatoka ndani. Hata kanisani Jumapili hakwenda, na yeye ndiye anayefungua kanisa."

"Anaumwa nini?"

"Hasemi."

Tumwagile alitoa mfuko. Editha aliuona ukanda akatabasamu kidogo, bila kujua. "Hiki si kitenge cha mama? Tulikigawana, mimi nikashona gauni."

Hapo ndipo jibu lilipomfikia. Halikumfikia kwa akili. Lilimfikia kwa kumbukumbu ya miguu. Tukuyu, yeye mtoto mdogo, anatembea nyuma ya mama yake kwenye njia ya migombani, na mbele babu anatokea, baba mzazi wa baba yake. Mama anaiacha njia, anaingia kwenye migomba na debe la maji kichwani, anainama, anageuka, anakaa hivyo mpaka babu amepita na vumbi lake limetulia. Mkamwana hamtazami baba mkwe. Kule ni mwanamke na baba wa mumewe. Huku milimani, mwanaume na mama wa mkewe. Yeye mwenyewe, Tumwagile, kwa wakwe zake alishika mikono, akakaa nao sebuleni kuangalia taarifa ya habari, akajiona ameelimika. Akasahau kwamba kuna watu ambao mwili wao bado unapisha.

Hata Anselmi alilijua jibu pale kwenye upupu. Ndiyo maana alitazama viatu.

*

Nyumba ya Mama Debora, mama mzazi wa Editha, ilikuwa upande wa juu wa kanisa la Anglikana la Lwiseke, ukuta wa tofali za kuchoma, uwanja umefagiliwa. Tumwagile alimwacha Nickson kwenye pikipiki, akavua kofia ya kazi, akapiga hodi peke yake.

"Shikamoo, mama."

Marahaba ilichelewa, lakini ilikuja.

Mama Debora alikuwa amekaa chini, mkeka uliosukwa nusu umemlalia miguuni, mikono haifanyi kitu. Tumwagile aliketi chini pia, ubavuni kwake na si mbele yake, ili wote wawili waangalie uwanja. Alichukua jani la ukindu akaanza kulichana kwa ukucha, jinsi alivyofundishwa.

"Unalichana jembamba mno," mama alisema baada ya muda. "Ukilikausha litakatika."

"Mama yangu pia alinigombeza hivyo hivyo."

"Ndiye aliyekufundisha, na bado unakosea." Kisha, bila kubadili sauti: "Wewe ndiye uliyemvua shati."

Tumwagile aliacha kuchana. "Ni mimi."

"Nilikuwa nimesimama pale. Kijiji chote kimesimama, siwezi kuondoka bila watu kuniangalia, na mbele yangu baba Nuru amevuliwa nguo."

"Sikujua kama wewe ni mkwe wake, mama."

"Hukuuliza."

Jua lilikuwa linaingia uwanjani na kuku mmoja akapita katikati yake. Tumwagile alihisi uso unamchoma kama alipokuwa mtoto akirudishwa nyuma ya darasa.

"Leo amesema ameua," alisema. "Nilimwambia nitamleta mwenye kitenge. Akasema, andika nimeua. Kesho atapelekwa mahakamani kwa maneno yake mwenyewe. Mimi siamini, lakini kutoamini kwangu si ushahidi."

Mama Debora aliuvuta mkeka ukamfunika magoti. Kisha akaanza, akiuambia uwanja.

"Nilitoka kukata ukindu. Tope lilikuwa limenifika hapa. Pale kwenye chemchemi siku zote tunaoga, sisi wanawake, hata kabla ya hizo rangi za njano. Zamani hakukuwa na mgeni. Nguo nilizitundika kwenye mti wa kona. Nikasikia viatu. Nikajibana nyuma ya mwamba, akapita yule kijana wa mjini."

"Alivaaje?"

"Kofia sikumbuki. Alikuwa na fimbo mbili za chuma, anachoma chini huku na huku, kama mtu mwenye miguu minne."

Fimbo zile Nickson alizitoa chini ya maji kesho yake, na hakuna mwanakijiji aliyeonyeshwa. Tumwagile aliitikia kwa kichwa.

"Alipopita nikajua yuko peke yake. Nikarudi kwenye maji. Na hapo hapo baba Nuru akatokea kwenye kona." Aliivuta khanga kichwani. "Mwanangu, nimezaa saba. Hakuna aliyewahi kuniona vile. Alitoa sauti, kama mtu aliyeungua. Akajirusha pembeni, wala hakuangalia anajirusha wapi. Nikarudi nyuma ya mwamba."

"Na nguo?"

"Nguo ziko kwenye mti, pale pale alipochutama. Mimi namsubiri aondoke. Yeye ananisubiri mimi niondoke. Akitoka, atatokea mbele yangu. Nikitoka, nitapita kwake. Nilisikia upupu unavyomla. Mtu anajikuna, unasikia, halafu anajizuia asijikune, nisije nikadhani anageuka."

Tumwagile hakuandika. Aliogopa kuigusa kalamu.

"Halafu yule kijana akaita."

"Aliita nini?"

"Alimwita baba Nuru. Kwa jina lake. Jina ambalo mimi silitamki." Mikono yake ilianza kukunja na kukunjua ncha ya mkeka. "Mara ya kwanza nikafikiri anamwita tu, waendelee na safari. Mara ya pili nikajua ameumia. Nikasema moyoni, sasa baba Nuru atatoka. Nikafumba macho ili atoke. Hakutoka. Naye huko nadhani alikuwa anasema, mama ataondoka sasa. Kijana akaita tena. Akasema, nisaidieni. Halafu akanyamaza. Na mimi, Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikasema, ameinuka."

"Elikana hakutoka kabisa? Tangu alipoingia?"

"Hakuinua hata goti. Alikuwa pale kijana anaita, alikuwa pale kijana ananyamaza. Hajamsukuma mtu."

"Uliondokaje?"

Hapo Mama Debora alimtazama kwa mara ya kwanza. Macho yake yalikuwa mekundu, makavu.

"Nilisikia mluzi wa Anselmi juu. Nikasema, huyu naye anikute? Nikatoka nyuma ya mwamba. Nikapita karibu na baba Nuru, hivi, kama wewe ulivyo hapo, nikavuta nguo zangu mtini, nikakimbilia msituni. Yeye hakugeuka. Wala hakuna kilichotokea, mwanangu. Mbingu haikuanguka." Aliweka kiganja mdomoni, akakitoa. "Kumbe inapitika. Nilipita kwa kumkimbia Anselmi. Kwa mtu anayekufa sikupita."

*

Maelezo yalichukuliwa siku hiyo hiyo, na Mama Debora akashuka Kilosa mwenyewe kuyatia dole gumba mbele ya mkuu. Mkuu aliyasoma mara mbili. Wakili wa serikali aliposomewa kwa simu aliuliza kama huyo mwanamke anadanganya kumwokoa mkwewe, na Tumwagile akamweleza habari ya fimbo mbili za chuma, vishimo vya magoti, na mwanaume aliyekuwa tayari kufungwa ili jambo hili lisisemwe. Wakili akauliza kwa sauti ya chini, "Tuwashitaki kwa lipi? Hakuna kifungu cha kuona haya." Akaamuru kijana aachiwe.

Elikana alitolewa mahabusu akaambiwa yuko huru. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza, "Amesema?" Tumwagile akajibu, "Amesema." Basi akainamisha kichwa, na uhuru ule ukamwangukia mabegani kama gunia.

Angela aliomba kumwona. Tumwagile angeweza kukataa. Aliwaweka kwenye chumba kile kile cha mahojiano, yeye akasimama dirishani.

"Ulimsikia kaka yangu?" Angela aliuliza.

"Nilimsikia, dada."

"Aliita nani?"

"Aliniita mimi."

"Wewe ukafanya nini?"

Elikana alitazama sakafu. Na kabla Tumwagile hajasema lolote, mlango ulisukumwa. Mama Debora alikuwa amekaa barazani muda wote huo. Aliingia, Elikana akageukia ukutani papo hapo, mwili mzima kama siku ile. Mama alipiga magoti mbele ya Angela, yeye mwenye mvi mbele ya msichana wa umri wa mjukuu wake.

"Alinyamaza kwa ajili yangu," alisema. "Na mimi nilinyamaza kwa ajili yake. Ukiwa na neno, niambie mimi."

Angela alimtazama yule mama, akamtazama yule mgongo ukutani. Polepole akaelewa. Tumwagile aliona jinsi hasira aliyokuja nayo ilivyokosa pa kushika.

"Kwa hiyo," Angela alisema, "kaka yangu alikuwa anakufa, nyinyi mnaheshimiana."

Koplo Nickson, mlangoni, ambaye alikuwa na mzaha kwa kila jambo, alivua kofia.

"Nataka kuona alipokuwa anaita," Angela alisema. "Sitaki kupelekwa na polisi. Mtanipeleka nyinyi wawili. Pamoja, kwa njia hiyo hiyo. Gari iko nje."

Akatoka. Walisikia mlango wa gari ukifunguliwa, haukufungwa.

Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja. Elikana alibaki ukutani. Mama Debora alibaki magotini, karibu na kizingiti, na kila mmoja alimsubiri mwenzake atangulie. Tumwagile alijaribu kusema kitu, akagundua kwamba yeye mwenye cheo na kofia hajui amwambie nani anyanyuke kwanza. Dirishani, treni ya mizigo ilipita kuelekea Kimamba, mabehewa yakaisha, na wao bado wako vile vile.

Mama Debora aliweka kiganja sakafuni akajiinua. Khanga ilimteleza kichwani, hakuirudisha.

"Elikana," alisema.

Mabega ya kijana yalishtuka. Miaka yote ya ndoa ile, jina hilo halikuwahi kutoka kinywani mwa mama mkwe.

"Elikana. Anatusubiri. Geuka tuondoke."

Akageuka. Alikuwa amefumba macho.